Doa limetoka, ukuta umebaki na kovu: kisa cha ukuta mmoja wa korido

Simu ililia asubuhi, na sauti ya upande wa pili haikuanza na salamu. "Fundi, nimeuharibu ukuta."

Kwa kawaida watu wakinipigia husema ukuta umechafuka: mtoto kachora, bomba limevuja, moshi umepanda hadi darini. Huyu dada alisema ameuharibu, tena yeye mwenyewe. Neno hilo lilinipa nusu ya jibu kabla sijafunga mkoba.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Alikuwa anahama. Baada ya siku tatu mwenye nyumba angekuja kukagua na kupokea funguo, na kurudishwa kwa amana yake kulitegemea ukaguzi huo. Kwenye korido, ukuta wa kushoto, mwanawe wa miaka mitatu alikuwa amechora kwa kalamu za nta: duara kubwa jekundu na mistari ya buluu. Kisha akaokota kalamu ya wino ya mama yake na kuongeza kitu alichosema ni mbwa. Usiku uliotangulia, mtoto akiwa amelala, mama aliliandama lile duara. Alisugua kwa sponji nyeupe, ile inayosifiwa kuwa ya miujiza, akitia dawa ya meno kidogo kidogo, mpaka bega likauma. Duara likatoka. Akalala ameridhika. Asubuhi jua lilipoingia kwa dirisha la mwisho wa korido, duara lilikuwa limerudi, safari hii bila rangi: bamba linalong'aa ukutani, kubwa kuliko sahani, na katikati yake kijidoa cheupe cha plasta.

Nilipofika nilikuta silaha zote zimepangwa mezani kama duka. Siki. Soda ya kuokea. Dawa ya klorini ya kufanyia nguo nyeupe. Spiriti. Dawa ya meno. Sponji mbili, na karatasi ya msasa ambayo bado haijafunguliwa. Kabla ya kuutazama ukuta niliiondoa ile chupa ya klorini nikaipeleka chumba kingine, maana ilikuwa imesimama ubavuni mwa siki. Vitu hivyo viwili vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na korido ile ilikuwa na dirisha moja tu. Zaidi ya hapo klorini haina kazi kwenye nta. Inashughulika na ukungu na baadhi ya rangi za mimea au vyakula, na ukutani inaweza kupausha rangi yenyewe huku kalamu ya nta ikibaki vilevile.

Baada ya hapo nikawasha tochi. Ukuta uliopakwa rangi hautazamwi kwa kusimama mbele yake. Unaegemeza tochi ukutani kabisa, mwanga ukatambaa sambamba na rangi, halafu unaweka shavu karibu na kuangalia. Kwa mwanga wa namna hiyo ukuta ulisema kila kitu: alama za rola tangu siku ulipopakwa, mkono wa mtu aliyekuwa akijishika kila anapovua viatu, mikwaruzo ya mgongo wa kiti, na lile bamba, laini kama kioo katikati ya ukuta wenye chembechembe. Nikamwonyesha. Akaweka shavu lake pale nilipoweka langu, akanyamaza.

"Sasa hii inatokaje?"

"Hii haitoki, dada. Hii si uchafu."

Sikulisema kwa ukali, ila ni jambo ambalo watu hulikataa mwanzoni, kwa hiyo nilikaa naye nikamweleza.

Rangi ya maji ya ukutani, ikishakauka, ni vitu viwili vikubwa: unga na gundi. Unga ni ile titani inayofanya weupe, pamoja na vijazio kama mawe ya chokaa yaliyosagwa, talki au udongo wa kaolini. Gundi ni plastiki, mara nyingi akriliki au vinyili, inayoushika unga ule. Rangi inayong'aa ina gundi nyingi. Unga umezama ndani yake na juu kuna utandu laini uliofunga. Rangi isiyong'aa, ile mafundi tunayoiita mati, imejazwa unga kupita gundi, kiasi kwamba chembe zinachomoza juu na vijishimo vinabaki katikati yake. Mwanga ukigonga pale hutawanyika huku na kule, ndiyo maana jicho linaona ukuta mtulivu usio na mng'ao na usioonyesha mabonde ya plasta. Huo uparuparu mdogo ndio mati yenyewe. Ukiusugua, unavunja vilele na kuvilaza. Mwanga unaanza kurudi upande mmoja kama kwenye kioo. Hujaongeza kitu juu ya ukuta. Umeondoa kitu, na hakuna sabuni inayorudisha kilichoondolewa.

Ile sponji nyeupe sasa. Watu wengi hudhani ina dawa ndani. Haina. Ni povu la plastiki ya melamini, jamii ileile ya povu linalowekwa kwenye kuta za studio kupunguza mwangwi. Likilowa huwa laini mkononi, lakini vijiti vyake vidogo ni vigumu, kwa hiyo linafanya kazi ya msasa mwembamba sana. Linachukua doa pamoja na ngozi ya juu ya rangi. Kuna kichekesho ndani yake: kwenye rangi ya mati linaacha mng'ao, na kwenye rangi inayong'aa linaondoa mng'ao. Kote kuwili linakuacha na kiraka. Siichukii sponji hii. Kwenye mlango wa rangi ya mafuta, kwa doa dogo na mkono mwepesi, imeniokoa mara kadhaa. Dawa ya meno nayo ni unga wa kusugulia uliochanganywa na povu. Aliweka msasa juu ya msasa.

Rangi za ndani hazivumilii kusuguliwa kwa kiwango kimoja, na jambo hili limepimwa. Kipimo cha Ulaya cha EN 13300 huzigawa katika madaraja matano kufuatana na unene unaolika zikisuguliwa zikiwa zimelowa. Daraja la 1 hupoteza chini ya mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) baada ya misuguo 200. Daraja la 5 hupoteza mikroni 70 au zaidi baada ya misuguo 40 tu. Sasa kumbuka kwamba mipako miwili ya rangi ya maji iliyokauka mara nyingi ni mikroni 50 hadi 80 hivi, karibu na unene wa unywele. Kwa rangi dhaifu, mtu mwenye hasira anaweza kuumaliza ukuta wote kabla chai haijapoa.

Ya kwake ilikuwa dhaifu kiasi gani? Nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, nilipitisha kitambaa cheupe kilicholowa mara kumi bila kukandamiza. Kitambaa kilitoka na wekundu wa maziwa: rangi ya ukuta yenyewe ilikuwa inaachia. Kisha nikagusa hapohapo kwa pamba yenye spiriti. Baada ya nusu dakika rangi ikaanza kunata kwenye pamba, ishara ya rangi ya maji. Rangi ya mafuta iliyokomaa haijali spiriti kwa muda huo. Basi nilikuwa na rangi ya maji, mati, ya daraja la chini. Kwa ukuta wa aina hiyo unaanza na mkono mwepesi kabisa, na unakubali kwamba baadhi ya madoa utayaacha.

Siki ilikuwa imeshajaribiwa pembeni mwa mistari ya buluu, na haikufanya kitu. Nta haijali asidi. Vijazio vya chokaa ndani ya rangi ndivyo vinavyoijali, vinalika. Soda ya kuokea ni chembechembe tena, na kwenye mati huacha vumbi jeupe linaloonekana siku ya pili, ukishafikiri umemaliza.

Kazi ilianza na kitambaa kikavu, ukuta mzima, vumbi tu. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Vumbi likikutana na maji huwa tope, na tope likisukumwa kwenye vijishimo vya mati halitoki tena. Baada ya hapo ndoo mbili: moja maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, nyingine maji matupu ya kusuuzia. Kitambaa kiwe cheupe, ili usije ukauambukiza ukuta rangi ya kitambaa, na kikamuliwe mpaka kisidondoke. Unaanza chini kwenda juu. Watu hunibishia hapa, maana sakafu huoshwa kwa kufuata maji yanakokwenda. Lakini tone chafu likishuka juu ya ukuta mkavu huacha mfereji ambao ni mgumu kuufuta. Likishuka juu ya sehemu ambayo tayari imelowa, linapita bila kuacha njia.

Mikwaruzo ya kiti na viatu ilikuwa rahisi kuliko yote. Ile nyeusi ni mpira ulioachwa na soli, umekaa juu juu. Raba nyeupe ya kufutia penseli, ikavu, mipapaso michache, basi.

Pembeni mwa swichi kulikuwa na wingu la kijivu la mikono. Hapo nilizima umeme kwenye swichi kuu kwanza, na sikunyunyiza kitu. Sabuni ilikaa kwenye kitambaa, si ukutani. Mafuta ya ngozi huingia kwenye vijishimo na kushika vumbi, kwa hiyo nilibandika kitambaa kwa sekunde kadhaa, nikainua, nikageuza upande safi, nikabandika tena. Kubandika na kuinua, bila kusugua. Mara ya nne wingu lilikuwa limeondoka. Ila sasa palikuwa na tatizo jipya: kizingo cheupe kuzunguka swichi, safi kuliko ukuta wote. Hilo nililitarajia. Ukuta wa miaka kadhaa huwa umepata rangi ya pili ya vumbi na pumzi za watu bila mwenyewe kujua, na ukisafisha sehemu moja unatengeneza doa la usafi. Dawa yake ni kuosha mpaka kona, ukuta wote, kwa mkono uleule. Tulifanya hivyo pamoja, yeye na kitambaa cha kusuuza, mimi na cha sabuni, kwa muda wa saa moja na nusu.

Mistari ya buluu ya nta ndiyo iliyonila akili. Nta ya kalamu hizi ni parafini yenye unga wa rangi, na maji hayaiyeyushi. Ushauri unaozagaa ni kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ilainike, kisha kuifuta. Kwenye rangi inayong'aa ushauri huo ni mzuri, nta haina pa kuingilia. Kwenye mati nta iliyoyeyuka hufanya kile ambacho mshumaa hufanya kwenye kitambaa: inazama, na unabaki na kivuli cha mafuta kisichotoka. Hatari hiyohiyo iko kwenye kuipaka mafuta ya aina yoyote. Kwa hiyo niliiacha ikiwa baridi na ngumu. Nilichukua kadi ya plastiki, nikailaza karibu kabisa na ukuta, nikaparua nta iliyosimama juu, pasipo kugusa rangi. Kisha kipande cha udongo laini wa kubandikia mabango, nikakikandika juu ya mstari na kukivuta, nikakikunja, nikakikandika tena. Kila mvuto ulikuja na buluu kidogo. Mwisho sabuni, kwa mtindo wa kubandika na kuinua.

Halafu tukangoja. Rangi ya maji ikilowa hunywa maji, inavimba kidogo na kulainika, kwa hiyo msuguo wa pili juu ya ukuta mbichi hula zaidi ya ule wa kwanza. Tena ukuta uliolowa unaonekana mweusi kidogo na hukudanganya kuhusu kilichobaki. Tulikunywa maji, tukapiga soga, mtoto akanionyesha mbwa wake kwa fahari. Ukuta ulipokauka, mistari ilikuwa imebaki kama mishipa chini ya ngozi: huioni mpaka uambiwe ilipo.

Na mbwa? Wino wa kalamu za kawaida ni rangi iliyoyeyushwa kwenye mafuta mazito, na spiriti huiyeyusha vizuri. Tatizo nimeshalitaja: spiriti hiyohiyo hulainisha na rangi ya ukuta. Nilitumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo, ncha moja kwa kila sentimita ya mstari, kugusa na kuinua, kisha kitambaa chenye maji mara moja. Sheria niliyojiwekea ni kwamba pamba ikianza kuonyesha rangi ya ukuta, nasimama. Mgongo wa mbwa ulipauka vizuri, miguu pia. Kwenye sikio nikaona pamba imeanza kuwa ya pinki hafifu, na nikajiambia mguso mmoja tu zaidi. Mguso huo ulitoka na kigamba cha rangi saizi ya punje ya mchele. Kosa langu hilo, baada ya miaka mingi ya kuwaonya wengine. Dada aliliona akacheka, na nadhani kidogo lilimpa faraja.

Jioni ile tulikuwa na ukuta safi wenye mambo matatu yasiyosafishika: bamba linalong'aa, punje ya mchele, na kivuli cha mbwa. Akauliza kama msasa mwembamba ungeweza kurudisha uparuparu kwenye lile bamba. Nilimkatalia. Msasa unachora mistari, na mistari nayo huonekana kwa mwanga wa pembeni. Pia nyumba ile ilikuwa ya zamani, na mipako ya chini ya nyumba za zamani inaweza kuwa na risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi majumbani mwaka 1978, na kuta zilizopakwa kabla ya katazo kama hilo bado zimesimama duniani kote. Vumbi lake si la kuvuta, wala si la kuachia mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni.

Akauliza tena: kwenye stoo kuna kopo la rangi ileile, tugusegusie hapo tu? Ni wazo la kila mtu, na kwa ukuta mpya wakati mwingine hufanya kazi. Kwa huu, kiraka kingejitangaza. Rangi ya kopo haijaona jua wala vumbi, ya ukuta imeyaona. Brashi huacha michirizi, rola huacha chembe. Na bamba lililosuguliwa linanywa rangi tofauti na jirani yake, hivyo hukauka na mng'ao wake. Ukitaka jicho lisiulize maswali, unapaka kutoka kona hadi kona, kwa maana jicho linatarajia ukuta mmoja utofautiane na mwingine penye kona. Korido ikiwa fupi, si kazi ya kutisha.

Siku ya pili nilijaza kile kijishimo cha plasta na kile cha mchele, nikakisawazisha kwa sponji yenye maji badala ya msasa. Juu ya mistari ya nta na mbwa nilipaka praima, yaani mpako wa chini unaotangulia rangi, ya kuzuia madoa, isiyo ya maji. Hapa ndipo wengi hupoteza rangi yao: rangi ya maji ikiwekwa juu ya nta hukimbiana nayo na kuacha vijishimo, na wino ukifunikwa kwa rangi ya maji hupenya juu taratibu, mpako wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Mbwa angechungulia tena kabla ya ukaguzi. Baada ya praima kukauka, nilikoroga kopo la stoo mpaka chini, nikapaka ukuta wote mara mbili kwa rola ya manyoya mafupi, nikiacha saa nne katikati.

Nikamwachia maagizo mafupi. Rangi ikiwa kavu kwa kuguswa bado haijakomaa. Gundi yake huendelea kujishikanisha kwa takriban wiki nne, na muda wote huo ukuta usioshwe. Alama ikitokea, kitambaa kikavu tu. Nyumba anakohamia, kabla ya kuweka vitu, aulize ni rangi gani iliyopakwa kwenye korido na chumba cha mtoto, na kama ni mati basi amwombe mwenye nyumba rangi ya kuoshika, au abandike karatasi kubwa kwa kimo cha mtoto na kumwachia eneo lake.

Siku ya ukaguzi alinipigia simu jioni. Mwenye nyumba alifika, akapita koridoni, akasimama. Akautazama ukuta wa kushoto, akautazama wa kulia. Kisha akauliza kwa nini huu wa kulia umeachwa mchafu.